Ukurasa wa Mgeni

Mama hakuelewa kwa nini mtu alipwe kwa kusoma maagizo ya watu wengine.

"Kwa hiyo," aliniuliza mara ya kwanza nilipojaribu kumweleza kazi yangu, "mtu anaandika jinsi ya kufanya jambo lake. Wewe unasoma. Halafu kompyuta ndiyo inafanya. Sasa wewe hapo katikati umefanya nini?"

Nikachemka. Mimi huchemka upesi, Mandewa nzima inalijua hilo, hata muuza maziwa anayenipigia honi asubuhi analijua. Lakini swali lilikuwa la haki, na mama alikuwa amekunja mikono akisubiri jibu, basi nikameza hasira nikaanza upya.

Nikamwambia hivi. Programu ya kompyuta haitoki nzima kama yai. Inatoka vipande vipande, na kuna faili moja linalosema kipande gani kinatokana na kipi, na kifanywe nini, mpaka vyote viwe kitu kimoja. Faili hilo tunaliita skripti ya kujenga. Mimi nimetengeneza laibrari, yaani programu ambayo programu nyingine zinaiazima, ambayo kazi yake ni kusoma skripti hizo. Kwanza inasoma tu. Inachambua kila mstari na kuipanga yote kama mti wa ukoo: huyu kazaliwa na yule, huyu hawezi kuwepo kabla ya yule. Kisha inatafuta kila jina lililotajwa lina thamani gani. Mwisho, ukiiruhusu, ndipo inatenda. Na utamu wake, uliowaleta wateja wangu wa Dar na kwingine, ni kwamba kati ya kusoma na kutenda unaweza kuisimamisha, ukaangalia, ukabadilisha, ukaiongezea hata maneno yako mwenyewe. Watu wengi wana haraka ya kutenda. Ndiyo maana wanalia.

"Aaa," mama akasema. "Unasahihisha madaftari. Si ungesema tangu mwanzo?"

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, na kwake dunia ina watu wa aina mbili, wanaoandika na wanaosahihisha. Nilifurahi kupanda cheo.

Siku hizo baba alikuwa ameshazikwa na msalaba umeshawekwa. Mama alibaki peke yake Mwankoko, hapa hapa Singida, kwenye nyumba waliyoijenga wote wawili kidogo kidogo, na kipande cha alizeti nyuma ya nyumba, matuta ya vitunguu, na kuku wasiosikia la mtu. Mimi niko Mandewa, nikipanda bodaboda nimefika kabla chai haijapoa. Kaka yangu, mkubwa wetu, yuko Mwanza, ana duka la mabati na misumari, na ni mtu mwema kiasi kwamba huwezi hata kumkasirikia vizuri. Kaka ndiye aliyepiga simu.

"Mama, chumba chako tayari. Nimekuwekea hadi televisheni. Tukishavuna alizeti nakuja kukuchukua."

"Sawa, mwanangu," mama akajibu. "Mungu akubariki."

Asiyemjua angesikia shukrani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu yake, nikaisikia ile "sawa" ikianguka chini. Ni "sawa" ya mtu aliyeambiwa na daktari aache chumvi. Alikata simu, akainama kuendelea kupepeta mtama, na ungo ukaenda kasi kuliko ilivyohitajika.

"Mama, kama hutaki kwenda si useme?"

"Niseme nini? Mtoto wa kiume mkubwa, ana uwezo, amwache mama yake peke yake kwenye nyumba, watu wamseme? Ndugu za baba yako watamla nyama." Akapuliza makapi. "Na nikimwambia nabaki, ataniuliza nabaki kufanya nini. Nitamjibu nini, kuku? Mtu mwenye kazi hahamishwi, mwanangu. Mimi sina kazi. Nina kuku."

Nilirudi Mandewa nikiwaza njia nzima. Mama kuondoka Mwankoko! Anajua kila mtoto wa kila nyumba pale, na wazazi wao aliwafundisha kusoma. Mwanza angekuwa bibi wa kwenye kochi. Angekaa mbele ya hiyo televisheni akiambiwa "mama pumzika" mpaka apumzike kabisa.

Kazi ilijitokeza yenyewe, kanisani. Chekechea ya pale ilikuwa na watoto wengi na haikuwa na vitabu vya kusoma. Binti anayewafundisha, ambaye mama naye alimfundisha, alilalamika baada ya ibada kwamba watoto wanafika shuleni wanajua Kinyaturu tu, na picha za kwenye vitabu vya kuazima ni za treni za kupita chini ya bahari. Mama akasema hadithi za hapa ziko, kinachokosekana ni mtu wa kuziandika. Siku iliyofuata akaanza kuzunguka kwa wanawake wenzake, anakaa, anasikiliza, anaandika: upande mmoja wa ukurasa Kinyaturu, upande wa pili Kiswahili. Hadithi ya fisi aliyekwenda harusi mbili. Hadithi ya kisima kilichokataa kuchotwa na wachoyo. Nilimpa kompyuta yangu ya zamani na printa ndogo, akajifunza kuchapa kwa vidole viwili, taratibu, akiugombeza ubao wa herufi kama darasa.

Lakini hadithi zilizochapwa siyo kitabu. Kuna picha za kupunguza ukubwa, kurasa za kuoanisha lugha mbili, namba za kurasa, jalada, na mwisho faili la kupeleka kwenye printa. Hadithi moja ikibadilika, ujenge upya. Kazi hiyo ndiyo hasa ya skripti ya kujenga. Nikamwambia, "Mama, hilo niachie mimi, nitakuandikia sasa hivi."

"Usiniandikie. Nifundishe."

"Mama, itachukua muda."

"Kaka yako akija akakuta umefanya wewe, atasema ni kazi yako. Atanipakia kwenye gari pamoja na kompyuta." Akavaa miwani. "Nifundishe."

Basi. Nilifanya jambo ambalo mteja yeyote angelipia sana na mama alilipata kwa uji. Nilichukua laibrari yangu nikaifundisha kusoma skripti za Kiswahili. Badala ya yale maneno yetu ya ofisini, nikaweka "jenga", "kutoka", "chapa". Na amri mbili za kuiendesha: "angalia", ambapo laibrari inasoma skripti, inakuonyesha mti na thamani za majina yote, inakuambia ingefanya nini, na haigusi kitu, na "tenda", ambapo inatenda kweli. Mama aliipenda "angalia" kuliko kitu chochote nilichowahi kumletea, pamoja na mume wangu.

"Kila mtu angekuwa na angalia," alisema, "ndoa ngapi zingepona."

Alishika upesi, na hapo nilijivuna bila haya. Kitu kinachowashinda vijana wengi ninaowafundisha ni kwamba mpangilio wa kuandika siyo mpangilio wa kutenda. Unaweza kutaja kitabu mstari wa kwanza na picha mstari wa mwisho, laibrari itaanza na picha, kwa sababu kitabu kinazihitaji. Mama alinitazama kama mjinga nilipolirudia. "Mgeni anakaribishwa ugali na kuku," akasema, "lakini wewe umeanza kwa kuchota maji. Endelea."

Tukaendelea vizuri mpaka siku ya mgeni.

Nilimkuta sebuleni, mbele ya kompyuta, uso wa mwalimu aliyekuta darasa linapiga kelele. Laibrari ilikuwa imegoma. Kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri kulikuwa na mstari mmoja: "mgeni" haipo, wala hakuna maelezo ya kuitengeneza. Nikafungua skripti yake. Ilikuwa safi, imenyooka, na kwenye mstari wa kitabu alikuwa ameandika kitabu kijengwe kutoka jalada, fisi, kisima, mama wa kambo, na mgeni.

"Mama, hii mgeni ni hadithi gani?"

"Sijui bado."

"Faili lake liko wapi?"

"Haliko. Si imesema yenyewe kwamba haipo? Ni kweli, haipo. Bado hajafika."

Nikaufuta mstari ule. Nikaendesha, kitabu kikajengeka, nikamwonyesha, nikaenda kuangalia mboga jikoni. Niliporudi laibrari imegoma tena na mgeni amerudi kwenye skripti.

"Mama!"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu."

"Huwezi kutaja kitu kisichokuwepo! Ndiyo kanuni ya kwanza! Skripti ikitaja kitu ambacho hakipo, lazima isimame. Isiposimama, watu wataletewa programu ina matundu!"

"Hiyo ni kanuni ya kwanza ya kwenu. Hapa kwangu kanuni ya kwanza ni nyingine."

"Ipi?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akanipa mgongo. "Nenda kwako. Umechemka mpaka kifuniko kinacheza."

Nilikwenda. Njia nzima kwenye bodaboda nilikuwa namjibu kichwani, na dereva, maskini, alidhani naongea naye. Siku zilizofuata mama alinipigia simu kuhusu kuku, kuhusu mvua, kuhusu bei ya mafuta ya alizeti, na hakutamka kompyuta hata mara moja. Na kila siku iliyopita ilimsogeza kaka karibu. Hilo ndilo lililonitafuna. Tulikuwa tunapigania mstari mmoja huku gari la kumchukua likikaribia.

Mwishowe nilikwenda, nikatoa shikamoo yangu, nikakaa, nikauliza kama nilivyopaswa kuuliza mwanzo. "Mama, mgeni ni nani?"

Akanieleza bila kinyongo. Kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa baba, mama alipoolewa, jambo la kwanza alilofundishwa jikoni lilikuwa kupika sehemu ya mtu ambaye hajabisha hodi. Ugali wa watu wa nyumbani, na kipande cha ziada, kimefunikwa, pembeni. Akija mtu, anakula pamoja nanyi, hajisikii amepunguza cha mtu. Asipokuja, watoto wanagombania asubuhi. Ndivyo nilivyokua, nilikuwa nakigombania hicho kiporo na kaka, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kina jina.

"Sasa kuna jirani yangu wa kule bondeni," mama akasema. "Ana hadithi ambayo mama yake alimwachia. Nikimwomba anasema nitakuja. Hajasema lini. Anaona haya, hajui kuandika. Nikimwonyesha kitabu kimefungwa, nimemfungia mlango. Nikimwonyesha nafasi yake iko, ipo siku atakuja. Wewe unaniambia kompyuta yako haiwezi kuweka sahani moja ya ziada?"

Inaweza! Lo, inaweza sana, na nilijua jinsi ya kuifanya kabla hajamaliza sentensi. Laibrari yangu inakubali kuongezewa maneno. Unalikabidhi neno kazi yake, na laibrari ikilikuta ndani ya mti, wakati wa kutafuta thamani, inalisimamisha na kuliuliza: wewe sasa hivi thamani yako nini? Nikatengeneza neno "akija". Kitu kilichotanguliwa na "akija" kikiwepo, kiingie kitabuni. Kisipokuwepo, uwekwe ukurasa mweupe wenye fremu, na kazi iendelee. Vitu vingine vyote vibaki chini ya kanuni ya zamani. Niliandika neno lile pale pale mezani kwa mama, jua likiwa bado juu, huku kuku mmoja ananipitia miguuni, na kusema kweli sikumbuki lini nilifurahia kazi yangu kiasi kile.

Mama akajaribu. Mgeni hakuwepo, laibrari ikaacha nafasi, kitabu kikatoka. Alipiga kigelegele, yeye mtu mzima, peke yake sebuleni.

Kisha akaharibu. Nilipokwenda mara nyingine alinionyesha kwa fahari kitabu kipya, ambacho hata hajakifungua, na kitabu kizima kilikuwa kurasa nyeupe tupu zenye fremu. Hakuna jalada. Hakuna fisi. Hakuna kisima. Na chini kabisa laibrari imeandika kwa furaha: kitabu kiko tayari. Nikafungua skripti. Alikuwa ameweka "akija" mbele ya kila kitu. Akija jalada, akija fisi, akija kisima. Na alikuwa amehamisha mafaili yote kwenye folda nyingine, kwa hiyo hakuna aliyekuja, na hakuna aliyelalamika.

"Mama, mbona wote umewafanya wageni?"

"Niliona ni adabu zaidi. Nani alazimishwe?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Yeye alikasirika kwanza, kisha akaangalia zile kurasa nyeupe, naye akaanza. "Makubwa," alisema akijifuta macho na kanga. "Sherehe nimealika wote, mwenyeji mwenyewe hayupo." Hapo akaelewa kwa nini kanuni yangu ya kwanza ipo, na mimi nilikuwa nimeshaielewa ya kwake. Akaondoa "akija" zote, akabakiza moja tu.

Alizeti ilikauka, watu wakaanza kukata vichwa. Jirani wa bondeni hakuja. Binti wa chekechea alisema wiki hiyo hiyo watoto wanaanza muhula na anahitaji kitabu mkononi. Mama akamwambia apite akichukue siku ya kufungua. Alikuwa na hadithi moja ya mwisho ya kusahihisha.

Kaka naye akaja siku hiyo hiyo, kabla ya siku aliyosema. Alipata gari lililoshusha mabati Singida, akaona asiliache lirudi Mwanza tupu. Sikujua. Nilikuwa Mandewa kwenye simu na mteja niliposikia simu nyingine inaita, na sauti ya kaka, ya furaha kabisa: "Mdogo wangu, niko Mwankoko. Njoo umuage mama."

Sijui nilimwambia nini mteja. Nilifika nikihema. Pikapu ilikuwa uani, mlango wa nyuma uko wazi. Sanduku la mama lilikuwa kizingitini, limefungwa kwa kamba. Alikuwa amelifunga mwenyewe, mwanawe alipomwambia afunge.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona unatweta? Mama mzima, wala hakusumbua."

Wala hakusumbua! Nilifungua mdomo, na Mungu anajua kingetoka nini, lakini binti wa chekechea akabisha hodi. Akasalimia wote, akakaa ukingoni mwa kiti, akauliza kwa sauti ndogo kama kitabu kiko tayari, maana watoto ameshawaambia. Ndipo akaliona sanduku.

Mama alimtazama yule binti. Akamtazama kaka. "Mwanangu," akasema, "nipe nafasi kidogo nimalize cha watu."

"Mama, gari linangoja. Si huyu binti yako wa kompyuta yupo? Atamalizia."

"Siyo cha kwake," mama akasema, akaenda kukaa mezani na kuvaa miwani.

Akaandika "angalia". Laibrari ikasoma, ikapanga mti, ikagoma. Niliona kutoka nilipokuwa nimesimama: kisima haipo, wala hakuna maelezo ya kuitengeneza. Mikono ikaniwasha. Nilijua tatizo ni nini, ni jambo la sekunde, na kaka alikuwa ameshatazama saa yake. Nilisogea hatua moja.

"Kaa," mama akasema bila kugeuka, na nikakaa.

"Msaidie basi," kaka akaninong'oneza.

"Hataki."

"Kama hajui, tutakaa hapa mpaka lini?"

Mama alisoma ule mstari kwa sauti, kwa ile sauti yake ya ubaoni. "Kisima haipo. Kisima si mgeni, kisima ni wa hapa nyumbani. Kwa hiyo yupo, nimempoteza mimi." Akaomba kuonyeshwa mti. Akaufuata kwa kidole, kutoka kitabu, kushuka kwenye hadithi, mpaka kwenye jina lililokosa thamani. Akafungua folda. Faili la hadithi lilikuwa pale, ila jana yake, katika kusahihisha, alikuwa amelihifadhi kwa jina refu zaidi. "Uko hapa, mjinga wewe," akaliambia. Akarudisha jina. Akaandika "angalia" tena. Laibrari ikaonyesha yote: jalada lipo, fisi yupo, kisima kipo, mama wa kambo yupo, mgeni hajafika, nafasi itaachwa. Alisoma kila mstari. Hakuruka hata mmoja. Kisha akaandika "tenda".

Nilimtazama kaka. Alikuwa ameacha saa, amekuja nyuma ya kiti cha mama, mikono kaiweka nyuma, shingo kainyoosha. Mama alimfundisha darasa la pili, darasani, mbele ya watoto wengine, na hakuwahi kumpendelea. Ndivyo alivyokuwa akisimama mezani kwake akisubiri daftari lisahihishwe.

"Kwa nini imeandika fisi haikuguswa?" akauliza.

"Kwa sababu haikubadilika. Inajenga kilichobadilika tu, na vinavyokitegemea. Ungekuwa unajenga nyumba, ukabadilisha dirisha, ungebomoa msingi?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Printa ikaanza kuguguna. Binti wa chekechea alizipokea kurasa moja moja zikiwa bado na joto, na alipofika kwenye ule mweupe wenye fremu akauliza kama umekosea. Mama akamwambia hapana, huo una mwenyewe, mwaka huu watoto wachoree humo wanachotaka. Binti akacheka, akakikumbatia kitabu kifuani, akauliza, "Mwalimu, na cha muhula ujao tutakifuata kwako, au?" Halafu akakumbuka sanduku, akaona aibu.

Mama alianza kukunja waya wa kompyuta, taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayekunja nguo za safari. Nilishindwa kuangalia. Machozi yalinijaa na sikuyaficha, sijui kuficha mimi.

Kaka alitoka nje. Nikamsikia uani anapiga simu, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia wote.

"Eh, mke wangu. Kile chumba, walaze watoto humo." Akasikiliza. "Hapana, ni mzima kabisa. Mama haji kuhamia. Ana kazi." Sauti ilikuwa imemlegea. "Kazi, nakwambia. Nimeiona. Hata mimi kanisahihisha."

Mama aliuacha waya. Kisha akasimama, akalifikia lile sanduku pale kizingitini, akaanza kulifungua kamba, na huku anafungua akampazia kaka sauti uani, mtaa mzima usikie:

"Mwambie nitakuja kuwatembelea! Siku mbili tu! Ya tatu mtanipa jembe, na mimi jembe langu liko huku!"